Kuunga umeme wa winchi kwenye gari la shamba bila kuliunguza

Waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye winchi, ile mashine ya kamba inayofungwa mbele ya gari kwa kujinasua au kunasua wengine, una umeme saa zote, gari liwe limewaka au limezimwa, uwe shamba umekwama au umelala nyumbani. Nililipuuza jambo hilo nilipofunga winchi yangu ya kwanza, na ndilo linalonifanya niandike. Kuifunga winchi kwenye bampa ni kazi ya bolti nne na mtu mwenye nguvu za kuinyanyua. Kuunga umeme wake ndiko kunakotaka utulivu, maana ukikosea hapo hupotezi winchi peke yake, unaweza kupoteza gari.

Ilikuwa vuli, msimu wa karafuu umeshika. Anayeijua Pemba anaujua udongo wetu mwekundu ukinyeshewa: unateleza kama bamia. Nikaitwa kwenda kunasua pikapu ya jirani iliyozama kwenye njia ya shamba upande wa Mzambarauni, nyuma ina magunia ya karafuu mbichi ambazo zikilala zinachacha. Winchi ikavuta, pikapu ikatoka, tukashukuru Mungu. Kumbe muda wote waya wa chanya ulikuwa umelala juu ya ncha ya kile kipande cha chuma kinachoshikilia bampa, na kila gari likitikisika, ganda lake lilikuwa linaliwa kidogo kidogo.

Asubuhi ya siku ya pili, gari limeegeshwa uani, injini ya baridi, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nilipofungua boneti, ganda la waya lilikuwa linadondoka matone kama nta ya mshumaa na shaba iliyokuwa ndani imeiva rangi ya chungwa. Hapakuwa na swichi ya kukata. Njia pekee ilikuwa kufungua kichwa cha betri, na spana namba 10 sikujua iko wapi.

"Ami, spana namba kumi, upesi!" nilimpigia kelele mzee wa nyumba ya pili.

Hakuniuliza kitu. Alikuja na spana mkono mmoja, ndoo ya mchanga wa kufyatulia matofali mkono wa pili, akaumwaga mchanga pale palipokuwa pameshika moto huku mimi nafungua hasi. Gari lilipona, lakini waya wote wa upande ule niliubadilisha na rangi ya boneti ilitoka mapovu. Yote haya yangezuiwa na swichi moja na kipande cha mpira.

Ijue kwanza njaa ya winchi yako

Soma kijitabu chake kabla ya kununua hata futi moja ya waya. Winchi ya kawaida ya volti 12 yenye nguvu ya ratili 9,500, yaani kama kilo 4,300, ikizunguka bila mzigo hula ampea 60 hadi 80. Ikivuta mzigo wake kamili inafika ampea 400 au kupita. Ulinganishe na taa kubwa ya mbele ya wati 55, ambayo haifiki ampea 5. Hata stata hula umeme mwingi kwa sekunde chache tu. Winchi inaweza kukaa inavuta dakika nzima.

Kwa nguvu, chagua winchi inayovuta angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo wake. Gari la tani 2 litake winchi ya tani 3 kwenda juu. Winchi ndogo kwenye gari zito hula ampea nyingi zaidi kwa sababu muda wote inafanya kazi kwenye kikomo chake.

Halafu hakikisha volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizoletwa kutoka Japani zina mfumo wa volti 24, betri mbili zimeungwa kwa kufuatana. Winchi ya volti 12 hapo utaiunguza. Na usije ukashawishika kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili: ile moja itamalizika, ya pili itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Nunua winchi ya volti 24.

Betri

Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hivi kwenye multimita, yaani kipimo cha umeme. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Gari likiwa linanguruma, vichwa vya betri visome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo, shughulikia alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, kabla ya kuwaza winchi.

Usidhani betri dhaifu itakupa tu winchi inayovuta polepole. Umeme ukishuka sana wakati wa kuvuta, solenoidi, yaani swichi za sumaku zilizomo kwenye boksi la winchi, zinaanza kugugumia, tak-tak-tak, kwa sababu hazina nguvu ya kushika sawasawa. Kila tak moja ni cheche ndani ya boksi. Cheche zikizidi, vibati vya shaba vilivyomo humo vinayeyuka na kugandana. Hapo unaachia kitufe, na winchi inaendelea kuvuta. Mtu aliyesimama karibu na kamba wakati huo yuko hatarini kweli, na kitakachomwokoa ni swichi kuu, ikiwa umeifunga na ikiwa mkono unaifikia.

Waya

Hapa ndipo watu wanapobana pesa, nami nawasihi msibane. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0175 kwa kila mita. Chukua gari ambalo kutoka betri hadi winchi ni mita moja na nusu. Kwenda na kurudi ni mita 3. Ukitumia waya wa milimita za mraba 35, kwenye ampea 400 utapoteza volti 0.6. Ukitumia wa 16 kwa sababu ni wa bei nafuu, utapoteza volti 1.3, na joto linalozalishwa kwenye waya ni wati zaidi ya 500, nusu ya pasi ya umeme, limefungiwa ndani ya ganda la plastiki linalopita karibu na bomba la petroli. Kwa hiyo 35 iwe ndiyo ya chini kabisa kwa winchi ya namna hii. Betri ikiwa mbali, kwa mfano imefungwa nyuma au chini ya kiti, nenda 50 au 70. Nyaya zilizokuja na winchi usizirefushe kwa kuunga kipande katikati. Badilisha waya mzima.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, ule unaokunjika kama kamba. Waya wa mashine ya kuchomelea unafaa. Waya wa nyumba wenye nyuzi saba nene haufai, kwa sababu gari linatikisika na nyuzi hizo zinakatika moja moja ndani kwa ndani bila wewe kuona.

Siku hizi kuna waya unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Dukani, omba kukata ncha, kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ndani ukiwa mweupe kama fedha, urudishe. Angalia hata uzito wake mkononi: wa alumini ni mwepesi kwa namna inayoshtua. Kwa hewa yetu ya chumvi, huo hauchukui muda kugeuka unga kwenye maungio.

Lagi

Lagi ni vile vichwa vya shaba vyenye tundu la bolti vinavyofungwa mwisho wa waya. Nunua za ukubwa uleule wa waya, na tundu liwe la bolti unayoifungia, kwa kawaida milimita 8. Zibanwe kwa koleo la haidroli. Kupiga kwa nyundo juu ya jiwe, jambo nililoliona kwenye gereji nyingi, kunabonyeza upande mmoja na kuacha nafasi upande mwingine. Chumvi inaingia humo, na joto linafuata. Kama huna koleo, kata waya kwa vipimo vyako, peleka kwa fundi mwenye nalo akubanie lagi zote kwa siku moja.

Wengine hujaza risasi ya kulehemu. Mimi siitaki kwenye waya huu. Risasi ikipanda ndani ya nyuzi inaufanya waya uwe mkavu kama kijiti, na pale inapoishia ndipo unapokatika. Tena risasi ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi joto 190 hivi, joto ambalo lagi mbovu inaweza kulifikia.

Ukishabana, shika lagi kwa mkono mmoja na waya kwa mkono wa pili, vuta kwa nguvu zako zote. Ikisogea hata unywele, kata, rudia. Kisha funika shingo yake kwa mpira wa kusinyaa, ule wenye gundi ndani, uupashe moto mpaka uone gundi imechungulia pembeni. Gundi hiyo ndiyo inayozuia maji ya bahari.

Swichi kuu na fyuzi

Swichi kuu ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri unavyoweza, isizidi shibri moja au mbili. Sababu ni rahisi: kipande cha waya kilichopo kati ya betri na swichi hakilindwi na kitu, kwa hiyo kifanye kifupi. Iweke mahali ambapo mtu aliyesimama kando ya gari anaweza kuizima bila kutafuta na bila kupita mbele ya kamba.

Soma maandishi yaliyopo mgongoni mwake. Zile swichi ndogo zenye ufunguo mwekundu wa plastiki nyingi ni za ampea 100 mfululizo, winchi itaziyeyusha. Tafuta ya ampea 300 mfululizo, inayostahimili 500 au zaidi kwa muda mfupi.

Kuhusu fyuzi mafundi wanabishana, na winchi nyingi zinakuja bila fyuzi. Mimi naifunga, ile ya kukazwa kwa bolti, ya ampea 400 au 500 kufuatana na kijitabu cha winchi. Betri nzuri ikipiga shoti kwenye waya mnene inatoa zaidi ya ampea 1,000, na fyuzi hiyo itakatika kabla ganda halijashika moto. Lakini fyuzi haichukui nafasi ya swichi. Fyuzi haijui kama vibati vya solenoidi vimegandana.

Kufunga, hatua kwa hatua

Vua pete na saa. Nasema hivi kwa dhati: pete ikigusa chanya na bodi kwa wakati mmoja inaiva moto kidoleni kabla hujaitoa. Usivute sigara, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na hiyo inalipuka.

1. Fungua hasi ya betri kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi inapiga shoti.

2. Weka boksi la solenoidi mahali pa juu na pakavu, ndani ya boneti au nyuma ya grili, matundu ya nyaya yakitazama chini ili maji yasikae.

3. Unga nyaya fupi kutoka boksi hadi mota kwa kufuata alama, si kwa kubahatisha rangi. Mota nyingi zina vichwa vitatu vilivyoandikwa A, F1 na F2, na cha nne ni cha hasi kwenye mwili wa mota. Ukigeuza F1 na F2, winchi itazunguka kinyume na kitufe. Kwenye kila kichwa kuna nati ya chini: ishike kwa spana moja, kaza ya juu kwa spana nyingine. Ukikaza ya juu peke yake, bolti nzima inazunguka na kuvunja kizuizi cha ndani, na mota imekwisha siku hiyo hiyo.

4. Lagi iguse lagi, shaba kwa shaba. Washa ya chuma ikae juu, chini ya nati, isikae katikati. Nimeona winchi iliyolaumiwa mwaka mzima kuwa mbovu, kumbe tatizo ni washa mbili zilizowekwa mahali pasipo pake.

5. Kuna waya mwembamba, mara nyingi mweusi, unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye hasi ya mota. Usiuache. Bila huo, unabonyeza kitufe na husikii hata mlio.

6. Waya wa hasi uende moja kwa moja kutoka mota hadi kichwa cha hasi cha betri, unene uleule wa wa chanya. Usiutegemee chasisi. Magari yetu yamekuja na meli, yanaishi karibu na bahari, na chasisi nyingi chini ya rangi ni kutu tupu. Ampea 400 zikikosa njia nzuri zitatafuta nyingine: waya wa kuvutia mafuta, kebo ya breki ya mkono, bomba la chuma la mafuta.

7. Pitisha nyaya mbali na bomba la moshi, feni, shafti ya usukani na mipira ya rejeta. Zivishe bomba la plastiki la kupitishia waya kwa urefu wote. Kila zinapopita tundu la bati au ncha ya chuma, ongeza kipande cha mpira wa bomba la maji kilichopasuliwa upande mmoja. Zifunge kila baada ya shibri moja, lakini acha ulegevu kidogo pale injini inapocheza. Kisha ingia chini ya gari na tochi, pitisha kiganja juu ya waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali popote kiganja kinapokwaruzwa na chuma, waya nao utakwaruzwa. Mimi hapo ndipo nilipokosea.

8. Ikiwa rimoti haina waya, kipokezi chake kichukue umeme baada ya swichi kuu, la sivyo kitainywa betri taratibu usiku kucha.

Kujaribu

Kabla ya kurudisha betri, zima swichi kuu, weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye kile kipande cha waya wa chanya kilicho kati ya swichi kuu na boksi, nyingine kwenye chasisi. Isionyeshe mwendelezo wowote. Ikionyesha, kuna mahali waya unagusa; tafuta mpaka upaone. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho.

Washa injini, washa swichi, bonyeza kitufe mara moja fupi. Ukisikia tak moja safi na ngoma ikazunguka upande unaoutaka, endelea. Toa kamba yote isipokuwa mizunguko ya mwisho, angalau mitano kwa waya wa chuma na minane hadi kumi kwa kamba ya sintetiki, kisha irudishe huku inavuta gari lenyewe kwenye mteremko mdogo, ili ikae imekaza kwenye ngoma.

Wakati inavuta, mwenzako aweke ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya boksi. Isome chini ya nusu volti kwa mzigo huo mdogo. Ikizidi, kuna lagi mbovu. Utaijua kwa kuzima swichi kuu na kuzigusa lagi moja moja kwa mgongo wa kidole: zote zitakuwa na uvuguvugu, yenye kosa itakuwa ya moto.

Ukiwa kazini

Swichi kuu iwashwe pale unapotaka kuvuta, izimwe ukishamaliza, kabla hata ya kufungua kamba. Injini iwe inanguruma juu kidogo ya mwendo wa kupumzika. Vuta kwa vipande: dakika moja, kisha pumzisha mpaka mwili wa mota ushikike kwa mkono. Alteneta ya gari dogo inatoa ampea 60 au 80 tu. Zinazobaki zinatoka kwenye betri, na ndiyo maana mapumziko yanahitajika. Mzigo ukiwa mzito, tumia kapi. Mabaharia wetu wameinua matanga kwa kapi tangu zama, na kwenye winchi inafanya kazi ileile: inagawa mzigo mara mbili na kupunguza ampea.

Kamba ifungwe kwenye mti kwa mkanda mpana, chini karibu na ardhi. Mwembe mkubwa ni rafiki. Mkarafuu uuache: ni mali ya mtu na watoto wake, na ganda likishachubuliwa huwezi kulirudisha. Ndani ya Ngezi, ambao ni msitu wa hifadhi, tafuta gari jingine la kujishikiza. Tandika blanketi zito au mkeka uliolowa katikati ya kamba, na watoto waondoke. Wakija kutazama kumi, waondoke kumi.

Chumvi

Gari likishapita ufukweni, au likiwa limeingia maji ya bamvua kwenye ufukwe wa Vumawimbi, fanya haya siku hiyo hiyo. Zima swichi kuu. Mwagia winchi maji ya kisima mengi, ukiepuka kuyalenga ndani ya boksi. Likikauka, fungua vifuniko vya mpira na uangalie lagi. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba, fungua, sugua kwa brashi ya waya mpaka ing'ae, funga tena na paka grisi au mafuta mazito ya mgando juu yake, baada ya kukaza, si kabla. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri ni wa asidi: uoshe kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa magadi, suuza, kausha. Halafu toa kamba mita chache, irudishe, na usikilize ile tak. Winchi isiyotumika muda mrefu huweza kuganda solenoidi, kwa hiyo hata kama hukukwama, iamshe mara moja kwa mwezi, na kila mara kabla ya masika kuingia pitisha kiganja tena juu ya ule waya, kutoka betri hadi mota.